Maji ya Mama Mkwe

Mbelwa, tajiri wa kiwanda cha ngozi, aliomba kibali cha kumwaga kijitoni maji aliyokuwa akiyavuta chini ya kiwanda na, kwa maneno yake, kuyasafisha. Afisa wa maji akaja, akawauliza wanakijiji nani ana pingamizi. Nusu yao walikuwa vibarua wa Mbelwa.

"Pingamizi la nini, baba?" alisema Mkunde, aliyemwagilia mchicha wake kwa kijito hichohicho. "Maji ya bomba lake yanang'aa kama kioo. Hata mama mkwe wake nimemtekea aonje."

Akampa bibi huyo, aliyeketi mbele, kibuyu. Bibi akakipeleka mdomoni.

"Mama, usinywe!" Mbelwa aliruka. "Yatakuua!"

Afisa akafunga faili lake.

Mkunde akakipokea kibuyu, akapiga funda moja, akamrudishia bibi.

"Kunywa, mama. Ni ya kisimani kwangu."