Mstari wa Mwenye Ripoti

Hapo zamani, na msidhani ni zile zamani za wanyama kusema, la, ni zamani za mashine ya kupiga chapa na simu ya kuzungusha, palikuwa na bwawa liitwalo Mzuvu. Juu maji, chini kijiji cha Kwembao na mpunga wake, na katikati tuta la udongo lililozuia maji yasiteremke. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na aliyesinzia nitaanza naye.

Tuta lile lilikuwa na watu watatu wa kulitunza.

Wa kwanza alikuwa mzee Mbonea, fundi sanifu. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili aliteremka ngazi mia na nne hadi kwenye mfereji ulio chini ya tuta, akapima maji yanayovuja. Tuta la udongo huvuja, hilo si ajabu. Kwenye mvua alipima, kwenye jua alipima, hata siku ya harusi ya bintiye alipima kwanza, ndipo akavaa suti.

Wa pili alikuwa Semvua, mlinzi wa lango la maji. Alisoma mpaka darasa la nne, lakini mdomo wake ulifika chuo kikuu. Akiambiwa fungua, alizungusha gurudumu la chuma, akafungua. Akiambiwa funga, akafunga.

Wa tatu alikuwa Nakiete, binti aliyetoka chuo cha ufundi kwa mkataba wa miezi sita, nao ulikuwa unaisha Ijumaa. Aliipenda kazi ile, jamani! Kulikuwa na nafasi moja tu ya kudumu, ya Msimamizi wa Usalama wa Bwawa, na kila akipita mbele ya mlango wa ofisi hiyo moyo ulimdunda. Asipoipata, Jumamosi angefunga sanduku arudi kwao.

Basi Jumatatu moja ya masika mzee Mbonea akaleta ripoti yake. Kurasa arobaini. Meneja Kisaka akaipima uzito kwa mkono, akaguna.

"Nakiete, mimi nawahi mkutano mjini. Isome wewe, ukiona neno la maana uniambie nikirudi kesho."

Akaondoka. Nakiete akasoma. Ukurasa wa kwanza, shukrani. Wa pili, shukrani tena. Wa tano, historia ya bwawa. Wa kumi na nane, aina za udongo. Akapiga miayo, akaendelea. Ukurasa wa thelathini na moja, kati ya jedwali la mvua na ombi la mafagio mapya, akakuta haya: "Imeonekana pia kwamba maji ya mfereji yameongezeka kwa kiasi fulani na yanaelekea kuwa na rangi."

Miayo ikakatika. Maji safi yakivuja, tuta ni zima. Yakivuja na udongo, tuta linaliwa kutoka ndani, na siku zake zinahesabika.

Akatoka mbio mpaka kwa mzee.

"Shikamoo, mzee wangu. Mbona jambo hili umelificha?"

"Marahaba. Nimelificha wapi, mwanangu? Si limeandikwa?"

"Ukurasa wa thelathini na moja!"

Mzee akamshangaa kweli. "Kwani kwenu mtu akileta habari ya msiba anaibwaga mlangoni? Anakaribishwa, anaketi, anapewa maji ya kunywa, anaulizwa ya njiani, ndipo anasema. Meneja ni mkubwa wangu. Siwezi kumvamia na habari mbaya kabla hajaketi."

Nakiete akamwonea huruma, na papo hapo akaogopa. Miaka ishirini na miwili mzee alikuwa anaandika kwa adabu, na hakuna aliyewahi kumaliza kumsoma.

Akamwomba vipimo vya Ijumaa na vya leo, akaketi kwenye mashine, akaandika upya. Akampelekea Semvua, kwa kuwa ndiye angezungusha gurudumu. Akamsomea. Semvua alikuwa anatafuna muwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mjomba."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Nakiete akatazama karatasi. Kweli, kila kitu kilikuwamo isipokuwa hilo. Akarudi, akaandika: lango lifunguliwe mapema iwezekanavyo, kwa kiwango kinachofaa.

"Mapema ya nani?" akauliza Semvua. "Mapema yangu mimi ni baada ya kula. Na kiwango kinachofaa ni mizunguko mingapi? Rudi."

Akarudi, akaandika saa, akaandika mizunguko. Semvua akatikisa kichwa.

"Na watu wa Kwembao? Nikifungua, maji yanapita kwenye mpunga wao, na wao wamo humo wanapalilia. Umewaandika wapi?"

Hapo Nakiete alishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka. Akaandika mara ya nne, na hii ndiyo karatasi yenyewe:

"Tuta la Mzuvu linaliwa kutoka ndani. Ijumaa mfereji ulitoa lita mbili kwa sekunde, maji safi. Leo umetoa lita tano, maji ya udongo. Saa nane mchana, watu wote wa Kwembao watoke bondeni, wapande shuleni. Saa tisa, fungua lango mizunguko kumi na miwili. Lisifungwe mpaka maji ya bwawa yashuke mita tatu."

"Hii," alisema Semvua akijifuta mikono, "hata mke wangu angeweza kunifungulia lango."

Lakini karatasi haikuwa na sahihi. Meneja yuko mjini, na simu ya ofisi imekatika tangu mvua ya Jumamosi. Kufungua lango bila sahihi kulikuwa kosa la kufukuzwa, na pengine kufungwa. Nakiete akateremka Kwembao, akaisoma karatasi kwa sauti mara moja tu, watu wakabeba watoto na kuku wakapanda. Mzee Mbonea akashuka ngazi zake mia na nne, akasimama chini ya tuta linaloliwa, akapima kila nusu saa na kupaza hesabu juu. Saa tisa ilipogonga, Semvua akalitazama pengo la sahihi, akatema kapi la muwa, akazungusha. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili.

Mpunga ulikwenda na maji. Kesho yake asubuhi tuta likatumbukia katikati, shimo la kumeza nyumba, ila maji yalikuwa yameshashuka chini ya shimo. Hakufa mtu, hakufa hata kuku.

Meneja akarudi, akaona, akakaa chini. Alipopata pumzi akawaita wote watatu.

"Makao makuu wanaitaka karatasi hii. Fomu yao ina mstari mmoja: Mwenye Ripoti. Jina litakaloandikwa hapo ndilo litakalopewa nafasi ya Msimamizi. Semeni."

Mzee Mbonea akasema, "Nani alijua kwamba Ijumaa zilikuwa lita mbili? Ni mimi. Kalamu bila kipimo ni uongo uliopangwa vizuri. Mtoto huyu hajapima hata tone."

Nakiete akasema, "Ni kweli, sikupima. Lakini ukweli wa mzee ulikuwa umelala kabatini na tuta linaliwa. Mimi ndiye niliyeutoa, nikauandika mara nne mpaka ukaeleweka."

Semvua akasema, "Mara nne kwa sababu ya nani? Bila mimi, Kwembao wasingekuwamo kwenye karatasi. Na karatasi haizungushi gurudumu. Tuta lingebaki zima, leo ningekuwa korokoroni, na nyinyi mngeniletea uji."

Meneja akawatazama mmoja mmoja. Mwisho akamsogezea Nakiete kalamu.

"Wewe ndiye unayejua kuandika yanayoeleweka. Andika jina moja, la haki."

Nakiete akaishika kalamu. Kulia amesimama mzee, kushoto Semvua, na Ijumaa iko mlangoni.

Haya, msinitajie majina matatu, mstari ni mmoja. Aliyeona, aliyeeleza, au aliyethubutu: je, mwenye ripoti ni nani? Na kama kalamu ingekuwa mkononi mwako, na sanduku lako ndilo linalongoja Jumamosi, ungeandika jina hilohilo?