Mstari wa Sababu

Nyumba huuzwa, mwenye nyumba hauzwi.

Wajukuu wa Bibi Kidawa walilisikia neno hili kwa fundi cherehani, mama mmoja akimfunga nalo mdomo jirani aliyetaka kujua kwa nini anahama. Walipofika nyumbani wakamwuliza bibi yao limetoka wapi. Bibi Kidawa alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua. Akawaambia asili yake si mbali. Ni hapa hapa Tabora, mtaa wa Kisima Kipya, na baadhi ya walioliona likizaliwa wangali hai na wanaona haya mpaka leo. Lilianza hivi.

Mtaa ule uliwahi kupata aibu. Mtu mmoja aliuza nyumba yake kwa wanunuzi wawili kisha akatoweka, na wanunuzi wale wakakutana mlangoni, kila mmoja na godoro lake. Tangu siku hiyo ukawekwa utaratibu: nyumba yoyote ikiuzwa, karatasi ya mauzo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa siku kumi na nne. Mwenye pingamizi aje aseme. Siku zikipita kimya, karani anagonga mhuri na mambo yanakwisha. Ulikuwa utaratibu mzuri, na kweli hakuna nyumba iliyouzwa mara mbili tena.

Karani aliitwa Mfaume. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mtaani, naye alilijua hilo. Fomu ya mauzo aliitengeneza mwenyewe. Hakuwa na mfano wa kuigia, ila kabatini mlikuwa na fomu ya watumishi ya kuombea likizo, akaitumia hiyo. Palipokuwa na jina la mtumishi akaweka jina la muuzaji. Palipokuwa na tarehe ya kuondoka akaweka mipaka ya kiwanja. Mstari wa chini kabisa, ule wa "sababu", aliuacha ulivyo kwa kuwa uliujaza ukurasa vizuri. Miaka tisa watu wakaujaza bila kuuliza: nyumba ni ndogo, nimestaafu, mtoto anasoma. Karatasi zikakaa ubaoni, watu wakasoma, zikatolewa.

Ndipo akaja Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa fundi saa aliyefariki mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo. Nyumba ilikuwa yake, hati ilikuwa na jina lake, na ndugu wa mume walikwisha kutia saini kwamba hawadai kitu. Wanunuzi wawili wa mwanzo walichoka kungoja saini hizo wakaenda zao. Sasa alikuwa amempata wa tatu, mwalimu aliyehamishiwa Tabora, ambaye alitaka familia yake iwe chini ya paa kabla shule hazijafunguliwa. Akimkosa huyu, hakujua kama atapata mwingine.

"Sababu ya kuuza, mama?" Mfaume alimwuliza, kalamu mkononi.

"Yangu."

"Niandike nini?"

"Andika hivyo. Yangu."

Mfaume akaandika, kwa mwandiko ule ule mzuri, akaenda kubandika.

Laiti mama yule angetaja uongo wowote, hata kwamba nyumba ina siafu, mtaa ungepita na kuendelea na shughuli zake. Lakini lile neno moja liliwawasha watu kama upupu. Siku ya tatu Mfaume aliona majani mbele ya ubao yamekwisha kukanyagwa. Bi Mgeni, muuza vitumbua, alisimama pale asubuhi nzima akijifanya anasoma tangazo la chanjo ya mbuzi, na hakuwa na mbuzi. Wengine walisema mjane anaolewa Kigoma. Wengine wakasema ana maradhi. Kinyozi alikuwa na hakika kuna jini chumba cha nyuma, tena alijua na kabila lake.

Na wote walimwendea Mfaume. Walimkamata buchani nyama ikiwa kwenye mizani. Walimngoja msikitini akitafuta viatu. Mkewe mwenyewe alimpakulia ugali, akakalia mboga.

"Hata mimi hutaki kuniambia?"

"Sijui, mke wangu. Wallahi sijui."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika alichosema."

"Na hukumwuliza?"

Mfaume alikula ugali mkavu. Kilichomkera zaidi ni kwamba hata yeye alitamani kujua.

Siku ya kumi na mbili Mzee Kitwana alileta barua. Mzee huyu alikuwa jirani wa upande wa mashariki, na rafiki wa marehemu tangu ujanani. Barua ilisema anapinga mauzo kwa kuwa sababu haikuelezwa. Mfaume aliisoma mara mbili, akaiweka mezani, akajishika kichwa.

"Mzee wangu, nyumba si yake?"

"Ni yake."

"Mpaka una tatizo?"

"Hauna."

"Sasa unapinga nini?"

"Sipingi. Nauliza."

"Hapa umeandika unapinga."

"Ningeandika nauliza, ungeniitia mkutano?"

Utaratibu ulisema pingamizi lisikilizwe na watu wa mtaa, na mpaka lisikilizwe mhuri haugongwi. Mwalimu alipoambiwa, alisema ataweza kungoja hadi Jumapili tu. Jumatatu angechukua nyumba nyingine, ya upande wa stesheni.

Jumapili asubuhi watu walijaa mbele ya ofisi, na vigoda vyao. Hata waliokuwa hawaonekani mtaani siku ya usafi walikuja. Mwalimu alisimama nyuma, begi mkononi, hajui aangalie wapi. Bi Zuwena alikaa mbele, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake hospitali.

Mzee Kitwana alisimama. "Shemeji," alisema, "sisi si watu baki. Mumeo alikuwa ndugu yangu. Tulimwosha, tukamzika, tukakaa na wewe siku zote za msiba. Leo unaondoka, nasi tunasoma neno moja ukutani, kama wapita njia. Ni haki hiyo?"

Watu wakaguna kumwunga mkono. Mfaume alimtazama mzee, akaona kwamba kumbe ameumia kweli. Hilo likamchosha zaidi, maana mtu mbea utamfukuza, lakini mtu aliyeumia utamfanyaje?

"Mlikaa na mimi," alisema Bi Zuwena. "Sijasahau, shemeji. Siku zile uliniuliza kitu?"

"Kuuliza nini?"

"Chochote."

Mzee Kitwana akafikiri. "Hapana. Tulikaa tu."

"Mlikaa tu. Nilipolia mlinyamaza, niliponyamaza mlinyamaza. Ndiyo maana nikaweza kuishi nanyi mpaka leo." Akamgeukia karani. "Mwanangu Mfaume, mimi sikusoma sana. Niambie wewe. Sheria inataka sababu yangu?"

Watu wote wakamtazama Mfaume. Angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia? Fomu ilikuwa yake, mhuri ulikuwa wake, na kusema ndiyo kungemponya na aibu iliyokuwa inamngoja. Lakini alimwona yule mama anavyomtazama, bila hasira wala kusihi, akashindwa.

"Haitaki," alisema. "Mstari ule niliuacha mimi. Fomu ile niliinakili kutoka kwenye fomu ya kuombea likizo."

"Ya nini?" kinyozi aliuliza.

"Ya likizo. Mtumishi akiomba likizo hueleza sababu. Nikauacha pale."

"Kwa hiyo mimi nilipouza kile kibanda niliomba likizo?"

Watu wakacheka, na Mfaume akaacha wacheke. Aliyewanyamazisha ni mzee mmoja aliyekaa pembeni, jina lake Lusangija, mtu asiyesema mikutanoni. Aliongea bila kuinuka.

"Mimi niliandika kwamba mke wangu amenikimbia," alisema. "Karani aliniuliza sababu, nami nikadhani ni lazima. Siku kumi na nne karatasi ilikaa pale. Watoto wangu walikuwa wanapita hapo kwenda shule."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Mgeni alianza kukunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

Bi Zuwena akasimama. "Mnachotakiwa kujua kimo ukutani. Nyumba ni yangu, mipaka ni hiyo, sijaiuza kwa mwingine. Hayo ni haki yenu, na mkiona nimesema uongo nizuieni. Lakini huyu mwalimu hakuja kuninunua mimi." Akamtazama shemeji yake. "Nyumba huuzwa, mwenye nyumba hauzwi."

Mzee Kitwana aliitwaa fimbo yake. Kisha akaenda mezani kwa Mfaume, akaichukua barua yake, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. "Sina pingamizi," alisema. Alipopita mbele ya Bi Zuwena akasimama kidogo, akasema, "Nitakuja kukusaidia kufunga mizigo, shemeji. Sitauliza."

Mfaume alikwenda ubaoni na kalamu yake. Mbele ya watu wote akaukata mstari wa mwisho kwa mkato uliopinda. Kwa mara ya kwanza mtaa ule uliona mwandiko wake mbaya. Kisha akagonga mhuri.

Bi Zuwena aliondoka wiki ile. Lori lilipakiwa mchana, na watu waliokuwa na kazi siku hiyo wote walikosa kazi. Walihesabu kitanda, kabati, sanduku la vifaa vya saa, mikeka mitatu, wakajaribu kupata maana katika mikeka. Mzee Kitwana alibeba sanduku kwa mikono yake, na alipoulizwa na kinyozi mizigo inakwenda wapi, alimjibu kwa lile neno la Jumapili. Kinyozi akalirudia kwa wateja wake. Kufikia mwisho wa mwezi lilikuwa limefika sokoni, na huko likapata miguu yake lenyewe.

Bibi Kidawa akapepeta mchele, makapi yakaruka. Wajukuu walingoja.

"Lakini bibi," alisema yule mkubwa, "ile sababu yenyewe ilikuwa nini?"

"Nilikuwa jirani yake wa magharibi," Bibi Kidawa alisema. "Siku ya kuondoka alinikumbatia, akaninong'oneza."

Wajukuu wakasogea.

Bibi akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani. "Nyumba huuzwa," alisema, "mwenye nyumba hauzwi."