Televisheni Iliyoziba Dirisha

Waliotutangulia waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakuwa wakizungumzia mikeka peke yake. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa, pembe zimekatika, lakini ni wako. Ukirudi umechoka unaukuta pale pale. Msala upitao ni mzuri, hilo sibishi, ila uko begani kwa mtu na mtu huyo ana safari zake. Anayedhani haya ni maneno ya kujazia daftari za skuli, na apande ghorofani kwa Bi Rawiya, Sokomuhogo, akamuulize.

Kichochoro kilichopita chini ya nyumba ya Bi Rawiya ni chembamba mno, wachukuzi wawili hawapishani mpaka mmoja ajibane mlangoni. Juu ya kichochoro hicho madirisha mawili yalitazamana, la Bi Rawiya na la Bi Mwanakheri. Nasaba zao zilikuwa mbali. Wazee wa Rawiya walitoka Arabuni wakafanya biashara ya karafuu. Wazee wa Mwanakheri walitoka bara wakawa mafundi seremala. Lakini udugu wa dirishani hauulizi babu. Kila alasiri, baada ya sala, mmoja wao alichukua mpini wa ufagio, akaunyoosha juu ya kichochoro na kugonga dirisha la mwenzake: ko, ko, ko. Mwenzake akaitika, "Naam!" Madirisha yakafunguliwa, na soga likaanza. Mpini ule ule ulining'inizwa kikapu, na ndani ya kikapu sahani ikavuka. Na Mjini, kama ujuavyo, sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na kachori itarudi na visheti, na siku ya kukosa kabisa itarudi na chembe ya halua, mradi isirudi tupu.

Bi Mwanakheri alikuwa na mguu mbovu. Ngazi zilishamshinda zamani, kwa hiyo dirisha lile ndilo lilikuwa barabara yake, soko lake na baraza yake. Bintiye, Khairat, aliyeolewa Jambiani na kulima mwani huko, kila akija mjini alimsihi mama yake ahamie kwake.

"Siendi," Bi Mwanakheri alimjibu siku moja, dirisha likiwa wazi. "Hapa nna dirisha, na dirishani nna mtu. Siku nikigonga nikakosa wa kuniitikia, njoo unichukue."

"Basi usijisumbue, Khairat!" Bi Rawiya alipaza sauti kutoka ng'ambo ya pili. "Mama yako ana mie."

Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake, na kichochoro kizima kikasikia.

Sasa, Bi Rawiya alikuwa na mwana mmoja tu, Qais, anayeongoza wageni katika msitu wa Jozani na kulala huko huko siku za kazi. Roho ilikuwa ikimuuma kumwacha mama yake peke yake. Siku moja akaja na wachukuzi, wamebeba boksi kubwa, wakilipandisha ngazini kwa kulilaza na kulisimamisha, huku wakimtaja Mola kila wanapofika kwenye kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho nini, mlango?"

"Tivii, mama. Bapa, ya kisasa. Na wamenipa kwa bei ya kutupa!"

"Kikubwa hivi kwa bei ya kutupa? Kina nini?"

"Hakina kitu mama, bahati tu."

Jina lililoandikwa ubavuni hakuna aliyeweza kulitamka, lakini kwa ukubwa ilikuwa kubwa kweli. Taabu ikawa pa kuitundika. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa. Qais alipotoboa ukuta, ulitema unga mweupe na msumari ukachomoka wenyewe. Ukuta wa pili ulikuwa wote zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo vyombo vya kaure vya bibi yake vilipangwa. Akazunguka chumba, akagonga hapa na pale, mwisho akaweka mkono juu ya fremu ya dirisha. Ilikuwa ya msaji, pana na ngumu.

"Hapa haianguki mpaka kiama," alisema.

"Na dirisha langu?"

"Si utapata dirisha kubwa zaidi mama? Utaiona dunia nzima."

Bi Rawiya akasita. Ndani ya kidaka kimoja ilikuwapo sahani ya maua mekundu ya Bi Mwanakheri, iliyovuka jana yake na sambusa, nayo ilikuwa ikingoja kujazwa. "Haya," akasema, "kesho nitashuka nimwambie mwenzangu." Dirisha likafungwa, na parafujo zikazama katika msaji.

Televisheni ilipowashwa, chumba kiligeuka. Kwa kuwa ilikuwa kitu rahisi, rangi zake hazikuwa zile za Mwenyezi Mungu: nyuso za watu zilikuwa za samawati na majani yalikuwa ya zambarau. Bi Rawiya hakujali. Alikaa juu ya godoro lake, mto mgongoni, akatazama theluji ikiangukia miji asiyoijua, akatazama mabibi wenye nywele za hariri wakilia katika majumba yasiyo na vumbi. Mwanga ulimfunika taratibu kama shuka. Akawa hajui tena lini yuko macho na lini amelala. Mara alimwona marehemu mumewe, Turki, akipita katika bustani ile ya zambarau, kanzu yake ya samawati, akimtazama. Alasiri ziliingia na kutoka, naye hakuzitambua.

Alasiri moja, katika tamthilia aliyoipenda, bibi harusi alikuwa akiulizwa kama ameridhia. Bi Rawiya alizuia pumzi. Ndipo kutoka nyuma ya kioo kile kukasikika: ko, ko, ko.

Aliijua. Wallahi aliijua, kama anavyoujua mkono wake.

"Aka, Mwanakheri naye! Ngoja basi," alinong'ona. Ko, ko, ko, ikarudi. Akanyoosha mkono, akachukua rimoti, akapandisha sauti. Kesho nitashuka, alijiambia. Na kesho ilipofika ilikuwa na tamthilia yake. Sauti ile ikaja tena siku nyingine, na nyingine, kila mara ndogo zaidi, ikachanganyika na ndoto zake kama tone la mvua juu ya bati. Kisha haikuja tena. Bi Rawiya hata hakuhisi kuwa imekoma.

Haukupita muda mrefu televisheni ikaanza vituko. Kwanza kivuli kikashuka kutoka juu kama pazia. Kisha picha ikazimika kabisa, sauti ikabaki. Watu wakawa wanacheka na kulia ndani ya giza. Fundi aliyeletwa aliuliza jina la televisheni, akaguna. Taa za ndani zimeungua, alisema, na vipuri vya jina hilo havipatikani kisiwani.

Bi Rawiya akabaki amekaa mbele ya kioo cheusi. Alasiri ikaingia. Adhana ikamalizika, akasali, akakunja msala wake, na kwa mara ya kwanza tangu boksi lile lipande ngazi zake akasikiliza. Hakukuwa na ko, ko, ko. Akamwita mwanawe, aliyekuwa nyumbani siku hiyo.

"Qais! Toa kitu hiki. Kitoe sasa hivi!"

Dirisha lilipofunguliwa, mwanga wa jua uliingia, wa dhahabu, hauna samawati hata kidogo. Ng'ambo ya pili palikuwa pamefungwa. Bi Rawiya akachukua mpini, akagonga. Akagonga tena, kwa nguvu. Chini kichochoroni, Muhiddin muuza kahawa akainua uso.

"Unamgongea nani, Bi Rawiya? Bi Mwanakheri kahamia Jambiani. Alishushwa ngazini juu ya kiti, analia huku akitazama dirisha lako. Hukusikia?"

Bi Rawiya aliegemeza mpini ukutani. Alikwenda jikoni, akakanda unga, akakaanga visheti na kuvichovya katika shira mpaka vikang'aa, akaijaza sahani ya maua mekundu. Kesho yake Qais akampeleka Jambiani.

Walimkuta Bi Mwanakheri ukumbini kwa bintiye, mguu umenyooshwa juu ya mkeka, akitenganisha mwani mkavu na takataka. Mashoga wakakumbatiana, wakalia wote wawili. Kisha Bi Mwanakheri akajifuta.

"Nligonga, Rawiya. Nligonga mpaka mkono ukachoka. Nkasikia sauti ya kitu chako inapanda, nkasema basi, mwenzangu kanijibu."

"Nisamehe, Mwanakheri. Rudi. Dirisha nshalifungua."

"Nshakusamehe toka siku ile ile. Lakini langu limeshafungwa. Khairat na mumewe wamepakodisha, waliokodi wanalaza watalii." Akapokea sahani, akaviondoa visheti kimoja kimoja na kuviweka katika bakuli la Khairat. Bi Rawiya alingoja. Bi Mwanakheri akaifuta sahani kwa upindo wa kanga, akaigeuza mara moja mkononi, akaiweka juu ya kabati.

"Hii yangu," alisema kwa upole. "Ikivuka tena, itavukia wapi?"

Bi Rawiya akarudi mjini mikono mitupu. Siku hizi, baada ya sala ya alasiri, hufungua dirisha lake na kukaa. Televisheni imelazwa chini ya kitanda, uso umetazama sakafu. Katika dirisha la ng'ambo waliokodi wametia kiyoyozi. Kimeliziba lote, kinanguruma mchana kutwa na kumpulizia joto usoni. Wakati mwingine usingizi humchukua pale pale, na katika ndoto husikia ko, ko, ko. "Naam!" huitika, "naam, mwenzangu!" na sauti yake mwenyewe humwamsha. Wapita njia huinua macho na kumwonea huruma. Naye, akiulizwa na wasichana anatazama nini pale pasipo na mtu, huwajibu neno moja tu: wanangu, usiache mbachao kwa msala upitao.