Mwanafunzi Aliyekariri Njaa

Leo msiniitikie Amina. Kaeni mnisikilize, maana nimekuja na hasira na sina mpango wa kuificha.

Kulikuwa na binti mmoja wa chuo kikuu, anasoma baiokemia. Kichwa, jamani! Chakula kinavunjwaje mwilini, nguvu inatokaje, joto linatokaje, yote anayo. Siku mbili kabla ya mtihani, wakiwa hosteli, akampa mwenzake wa chumba karatasi. "Shosti, nishikie. Nikikosea niambie." Mwenzake huyo anasoma ualimu, na siku hizo chakula hagusi. Akiulizwa anasema, "Nimefunga." Naye binti wetu humjibu, "Hongera mwaya, utuombee na sisi!" Wameokoka wote wawili, mnaona?

Basi akaanza kukariri. "Mtu asipokula, kwanza mwili unamaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Siku moja hivi, imekwisha. Halafu unachoma mafuta, na ubongo unalishwa ketoni zinazotokana na mafuta hayo. Siku zikizidi, mwili unakula misuli yake wenyewe. Dalili ni kizunguzungu, udhaifu, na pumzi yenye harufu. Nimemaliza?"

"Umesahau baridi," akasema mwenzake. "Mwili unapunguza moto wake. Unavaa sweta mchana wa jua kali, na bado unatetemeka."

"Hiyo haimo kwenye karatasi. Umeisoma wapi?"

"Sijaisoma. Wala sikufunga, dada. Nyumbani mahindi yamekauka shambani, hawana cha kunitumia. Leo siku ya nne nakunywa maji tu."

Haya, niambieni, yule binti alifanya nini? Alilia? Alikimbia kumtafutia japo uji? Thubutu! Alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa karatasi: baridi. Akasema, "Asante shosti, hiyo wanaweza kuiuliza."

Mnaguna? Msigune! Mnamgunia nani? Jumapili iliyopita mama mmoja alisimama hapa hapa, mbele yenu, akasema kwake hawajainjika sufuria tangu Alhamisi. Sisi tulifanya nini? Tuliandika jina lake kwenye daftari la maombi. Tukamwombea kwa sauti kubwa, wengine hadi jasho, kisha tukaenda zetu kula pilau. Kuna aliyemfuata? Mimi mchungaji wenu, nilimfuata? Sikumfuata! Naona aibu kusimama hapa.

Aya za mkate tunazijua zote. Mtu akifa njaa kwenye benchi letu, tutamsomea aya bila kufungua Biblia.

Leo sifungi ibada kwa sala. Mzee wa kanisa, lete ufunguo wa stoo. Yale mahindi ya sikukuu ya mavuno yanatoka sasa hivi, na watakaobeba ni ninyi mliovaa suti. Yule mama leo hakuja. Nani anajua anapokaa?

Nauliza tena, ndugu zangu. Nani anapajua kwake?