Mbwa Mwitu na Tufaha la Nyuma ya Kilima

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ni ya wenye njaa au ya walioshiba? Haya, Mwanakheri, toa kidole mdomoni. Na nyinyi wazazi mlioko nyuma, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Hadithi hii inawahusu nyinyi zaidi.

Mnawajua korongo weupe wanaoshuka mashambani kwetu mvua zikianza? Wanatoka mbali, wanapita juu ya nchi ya Waturuki. Habari hii wameileta wao. Mimi nimetia chumvi kidogo tu.

Hapo zamani za kale, kwenye nyanda za juu za nchi hiyo, palikuwa na mbwa mwitu arobaini na kisima kimoja. Arobaini tu. Mkuu wao aliitwa Boran. Pande zote kulikuwa na wafalme wakubwa, na hakuna aliyewajali.

Lakini Boran alikuwa na akili. Alisimama ukingoni mwa kisima akasema, "Anayekunywa hapa, jino langu halimgusi."

Kondoo wakasikia. Wakaja kwa woga, tita, tita, tita. Wakanywa. Hawakuguswa. Wakaja mbuzi. Wakaja nyuki. Akaja ngamia na jamaa zake wote. Usiniulize mbwa mwitu walikula nini. Walikula samaki na panya, niache niendelee.

Kila mwaka theluji ikiyeyuka, mbwa mwitu walitoka kwenda mbele. Tiki, tiki, tiki. Wakifika kilimani, wanachimba kisima. Wanaacha mbuzi wa kukitunza. Theluji ikikaribia, wanarudi nyumbani. Mwaka unaofuata, kilima kingine, kisima kingine, mbuzi wengine.

Na walikuwa na desturi. Kabla ya safari, mbwa mwitu wote waliuliza, "Mkuu, tutakutana wapi?" Mkuu akajibu, "Kwenye tufaha jekundu, nyuma ya kilima cha mbele." Tufaha lenyewe halikuwapo. Boran alilitunga ili watoto wasichoke njiani, na kila alipolitaja alicheka.

Boran akafa. Akaja mwanawe, akaja mjukuu. Wakavuka bahari nyembamba, chubwi! Wakautwaa mji mkubwa wenye kuta nene. Wakafika kusini kwenye jangwa la ngamia, kaskazini kwenye baridi ya dubu, magharibi kwenye milima ya tai. Nchi ikawa kubwa, ikawa kubwa, ikawa kubwa.

Kisha akaja Tugay, kitukuu wa kitukuu wa Boran. Huyu hakucheka. Huyu aliamini kwamba tufaha lipo.

Akamwita Keziban, mbuzi mwenye manyoya marefu, mkuu wa watunza visima wote.

"Keziban, nipe mbuzi wako wote wabebe mizigo ya safari."

"Na visima, bwana mkubwa?"

"Visima vitajitunza."

"Havijawahi."

"Mwaka huu vitaanza."

Wakaondoka. Tiki, tiki, tiki. Lakini nchi ilikuwa imekuwa ndefu mno. Walipofika kilima cha mwisho, joto lilikuwa limekwisha. Mbele kulikuwa na ukuta wa mji wa tai. Wakaukwaruza, kwaru, kwaru, kwaru. Ukuta haukusikia. Theluji ikaanguka. Tai wakashuka kutoka juu, dubu wakatokea nyuma, na mbwa mwitu wakapigwa, wakapigwa vibaya.

Kabla ya kukimbia, Tugay alipanda juu ya kilima akachungulia. Aliona kilima kingine.

Njia ya kurudi ilikuwa chungu. Kila kisima kilikuwa kimejaa mchanga. Kwenye kilima cha kondoo, kondoo jike mmoja alimzibia Tugay njia. Alikuwa akiitwa Seher.

"Mlituchukulia mbuzi, tukakaa na kiu," akasema Seher. "Sasa tumejichimbia wenyewe. Hatuwahitaji tena."

Tugay akamng'ata. Ndiyo, watoto, aliwang'ata kondoo walioahidiwa kutoguswa. Korongo hawakunificha hilo, nami siwafichi. Na kwa kung'ata, akazidi kuchukiwa. Mwaka ule kondoo wakaenda zao. Mwaka uliofuata ngamia wakaenda zao. Kilima baada ya kilima, nchi ikapungua, ikapungua, ikapungua, mpaka pakabaki pale nyumbani.

Na pale nyumbani hapakuwa na maji. Kisima cha Boran kilikuwa tope tupu.

Mbwa mwitu wazee wakakusanyika. "Nguvu ya safari moja bado tunayo," wakasema. "Turudishe nchi ya ngamia. Mkuu, tutakutana wapi?"

Tugay akafungua mdomo ajibu kama babu zake. Macho yake yakaanguka kwa binti yake mdogo, Nazan. Alikuwa akilamba jiwe akitafuta umande. Jiwe lilikuwa kavu. Tugay aliona haya kuliko siku aliyopigwa na tai.

"Tutakutana hapa," akasema.

Wazee wakanung'unika. Yeye akashuka kisimani mwenyewe, mkuu mzima, akachimba kwa kucha zake. Chaku, chaku, chaku. Keziban akavuta tope juu kwa kamba. Siku ya kwanza, tope. Siku ya pili, tope, na kucha zikavunjika. Wazee wakaona haya, wakashuka nao. Siku ya tatu, chururuu. Nazan akanywa mpaka tumbo likamvimba.

Tai wakaja kutaka hata hicho kisima kimoja. Wakakuta mbwa mwitu na mbuzi wamesimama bega kwa bega. Walipigana siku nyingi, na safari hii tai ndio waliorudi kwao.

Theluji ilipoyeyuka, Seher akaja, kovu la meno lingali shingoni mwake, na mwanawe nyuma yake. Hakuinama. Alisimama wima akasema, "Hodi, jirani."

Tugay akamgeukia Keziban. Maisha yake yote aliinamiwa tu.

"Mjibu basi," Keziban akamnong'oneza. "Ni neno dogo."

"Karibu," akasema Tugay. "Lile jino, Seher. Nilikosa."

"Ulikosa," akasema Seher. Akanywa, na mwanawe akanywa, Nazan akiwatazama kwa furaha. Kisha akasema, "Nasi tuna kisima kizuri. Njoo utuone. Njoo peke yako, lakini."

Tugay akaenda, peke yake. Kondoo wakamkalisha mahali pa mgeni, wakamletea kilicho bora walichokuwa nacho: nyasi changa, lundo zima. Wote wakamtazama. Naye mbwa mwitu akainamisha kichwa, akazitafuna zote, hata bua moja hakubakiza.

Basi, nchi yako ni ile unayoweza kuitunza. Ikipungua, usilie sana. Tunza kilichobaki, omba radhi kwa uliowaumiza, nao waliokuwa chini yako watakuja kuwa majirani zako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia asinidai nirudie.