Kisima cha Bahili Mhina

"Bahili wa pima ya mwisho hunywa vumbi." Mmesikia fundi wa paa akiwaambia hivyo mlipomng'ang'ania bei ya kumalizia, sasa mmekuja kwangu mmenuna mnauliza nani alimfundisha matusi. Si matusi hayo. Kaeni chini, na wewe zima hiyo redio. Msemo huu ulizaliwa uani kwa mtu mmoja aitwaye Mhina, huko Uzigua, na aliyeuzaa ni mkewe, Mwanaidi, siku aliyochoka naye.

Mwanaidi alikuwa na binti mmoja, Zuhura, na alikuwa na mimba. Mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika kwenye njia ya bwawani, mtungi ukiwa kichwani, maana maji yalikuwa mbali na jua la kule halina huruma na mtu. Mkunga alimwonya: ukibeba tena mzigo ule, na hii itatoka. Basi akamwomba mumewe kisima cha hapo uani kabla tumbo halijawa kubwa. Mhina akakubali. Hakuwa mtu mbaya, na mkewe alimpenda, ila mkono wake ulikuwa wa birika, na maradhi hayo hayana mganga.

Akaitwa Semboja, mchimba visima. Semboja alikuwa na bei aliyoirithi kwa baba yake. Pima ya kwanza, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ni debe moja la mahindi. Pima ya pili, madebe mawili. Ya tatu, matatu, na kuendelea hivyo hivyo mpaka maji. Mhina hakubisha, kwa sababu alidhani maji yako karibu. Pima ya nne ilipokwisha, chini pakiwa pakavu na jiwe bado halijaisha, ndipo hesabu ilipoanza kumchoma.

"Madebe matano kwa pima moja?" akauliza. "Udongo ni ule ule, sururu ni ile ile. Bei gani hii inayopanda huku wewe unashuka?"

Semboja akafuta jasho. "Pima ya kwanza nachimba udongo nikiutupa nje kwa koleo, na nikichoka natoka kunywa uji. Pima ya tano nashuka kwa kamba, hewa nzito, jiwe navunja nimejikunja, na ukuta ukiporomoka watoto wangu ni mayatima. Hiyo ndiyo bei, ndugu yangu."

"Debe moja, au uache."

"Basi naacha."

Mwanaidi alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Akatoka na mwiko mkononi. "Baba Zuhura, mlipe mtu amalize."

"Wewe huwajui mafundi," Mhina akamjibu. "Ukiwachekea hawa, watakuuzia hata kivuli chako mwenyewe."

Akaenda kitongoji cha pili akampata Kilua, ambaye alikubali debe moja kwa kila pima, ya juu na ya chini. Mhina akarudi nyumbani anatembea kama bwana harusi. Akaagiza lichimbwe shimo jipya, asije Semboja akadai lile la kwanza ni lake.

Kilua alichimba pima mbili haraka haraka. Alipofika kwenye jiwe akasimama, akatikisa kichwa. "Hapa hakuna maji, mzee. Yako pale kwenye mpapai." Pale kwenye mpapai, pima mbili, jiwe. "Yamehamia kule karibu na banda la mbuzi." Na kule nako vivyo hivyo. Sasa niambieni nyinyi mliosoma: ikiwa kufukua udongo mwororo ni debe na kuvunja jiwe ni debe, mjinga gani atavunja jiwe? Mhina alimlipa mtu achimbe juu juu, na Kilua akachimba juu juu, tena kwa uaminifu kabisa. Udongo uliotoka wakautupa ndani ya shimo la Semboja, eti ua usichafuke.

Siku zote hizo Mwanaidi anakwenda bwawani. Anapita kando ya mashimo, anaondoka, anarudi anashikilia kiuno. Mbuzi mmoja akatumbukia akavunjika mguu. Kisha siku moja, njiani, tumbo likamkata mahali pale pale lilipomkata mara ile. Akautua mtungi vibaya, ukapinduka, maji yote yakaingia mchangani. Akakaa chini ya kichaka hadi maumivu yakapoa, akarudi na mtungi mtupu.

Mhina akatoka kwenye mashimo yake anatweta. "Mama Zuhura, nipe maji."

Mwanaidi akachukua kata, akapita mtungi, akaenda kuchota kwenye lundo la udongo. Akapiga goti mbele ya mumewe kama ilivyo ada, akampa kwa mikono miwili. "Karibu, mume wangu. Kunywa."

"Hili si vumbi?"

"Ndilo ulilonunua. Semboja alikuuzia maji ukaona ghali. Huyu anakuuzia mashimo, na mahindi aliyokwisha kula yanapita aliyotaka Semboja. Leo tumbo limeniuma njia ile ile. Nikizika wa pili, Baba Zuhura, mimi nyumba hii sirudi. Bahili wa pima ya mwisho hunywa vumbi. Kunywa basi."

Mhina akaitazama kata, akamtazama mkewe aliyebaki pale amepiga goti, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Akaiweka kata chini, akamfuata Semboja jioni ile ile.

Semboja akachungulia shimo lake lililojazwa udongo, akataja bei: madebe matano ya pima ya tano, na mengine manne ya kuutoa udongo walioutia. Mhina akafungua mdomo. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, bunda la nguo kwapani. Mhina akaufunga mdomo, akaenda kupima mahindi.

Pima ya tano haikufika nusu, miguu ya Semboja ikalowa. Mtoto alizaliwa salama, na maji ya kumwogesha yalichotwa hatua chache tu kutoka kitandani kwa mama yake.

Kwa hiyo fundi wenu hajawatukana. Amewaona mko kwenye jiwe na mnataka kumfukuza. Mkimbilieni kabla hajafika barabarani, maana mvua haitawauliza mlikubaliana bei gani, na bahili wa pima ya mwisho hunywa vumbi.