Ndiva Iliyojazwa kwa Heshima ya Mgeni

"Ndiva iliyofungwa hainyweshi shamba."

Babu Mbonea alilitupa neno hilo huku akiparua tangawizi, wala hakuinua macho. Alikuwa akimwambia mjukuu wake Nietiwe, aliyerudi kutoka shuleni amenuna. Mwalimu aliuliza swali, Nietiwe akalijua jibu, akalikalia. Mwenzake akalisema, akapigiwa makofi.

"Babu, ndiva na darasa wapi na wapi?" Nietiwe aliuliza.

"Na kila mtu huku anaisema methali hiyo," akadakia kaka yake Senkondo, "lakini imetoka wapi, hakuna anayesema."

"Imetoka hapo hapo kwenye ndiva mnayoogelea mkikatazwa. Vuteni vigoda. Na mikono isilale, maana masikio hayaparui tangawizi."

Basi chanzo chake kilikuwa hiki.

Enzi hizo kijiji kizima cha Kwasengo kilikuwa na redio moja, nayo ilikoroma tu. Watu wa milimani walisema Kipare tangu kitandani mpaka kaburini. Kiswahili kilikuwa cha makarani na wasafiri, na mtu aliyejua kusema "hodi" na "bei gani" alihesabiwa msomi. Ndipo akaletwa Mwalimu Singano, awafundishe watu wazima Kiswahili kila jioni baada ya kazi za shamba.

Singano alikuwa Mbondei, mwembamba kama mpini wa jembe, na Kiswahili chenyewe hakukinyonya kwa mama. Alikiokota ujanani katika kambi ya mkonge, kwenye foleni ya posho, mbele ya mnyapara ambaye hakugawa unga kwa ishara. Aliyeomba kwa Kiswahili kibovu alichekwa, akapewa. Aliyenyamaza akingoja Kiswahili chake kiive, alilala njaa. Singano alilala njaa. Kisha akaanza kuchekwa. Kisha akashiba. Huo ndio uliokuwa ualimu wake wote, ukiondoa cheti.

Kwa hiyo darasani kwake hapakuwa na kuitikia kwa pamoja kama makinda ya ndege. Kanuni ilikuwa moja: sema, kosea, cheka, sema tena. Aliwaletea kuku hai wamnunue na kumuuza. Aliwagombanisha kuhusu mipaka ya mashamba. Aliwaposesha wao kwa wao, na wote walikuwa na ndoa zao! Kelele zilifika mpaka kanisani.

"Mwalimu, hapo ni darasa au mnada?" wapita njia walimtania.

"Vyote viwili! Ingia, bei ni nzuri!"

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Namcheja, mama mwenye shamba mwisho kabisa wa mfereji. Kiswahili chake kilichechemea, lakini kilikimbia. Alianza sentensi kwa Kiswahili, akaimaliza kwa Kipare, na penye shimo akapaziba kwa mikono. Kwa upande mwingine alikuwapo Mzee Sefania, mwenye koti. Huyu alisema kidogo, ila alichokariri hakikumtoka.

Mwaka mmoja mvua zikafanya ubahili. Ndiva, kama mnavyoijua, ni bwawa la kuta za mawe na udongo. Hujazwa usiku na kijito cha mlimani, na asubuhi mwenye zamu huchomoa kizibo kwa mti, maji yakashuka mferejini kwenda mashambani. Sasa mwaka huo watu wa kijiji cha juu walichimba mfereji mpya, wakakivuta kijito kwao. Kwasengo wakabaki na mchirizi. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele, na mahindi yakikosa maji wakati huo, mkulima hula mabua.

Wazee wakapeleka malalamiko wilayani. Jibu likaja: Bwana Maji mwenyewe, Bwana Mnali, angepanda mlima kuona na kuamua. Alikuwa mtu wa Lindi. Kipare alikuwa hajui hata salamu.

Mzee Mavura, msimamizi wa ndiva, alimwendea Singano mbio mbio.

"Mwalimu, tusaidie. Wewe huwezi kutusemea, maana huna zamu ya maji wala hujashika jembe nasi kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kwetu mwenye maji ndiye anayesema maji. Lakini tutengenezee msemaji."

Hapo ndipo Singano alipoogopa. Kuku wa darasani akiuzwa vibaya, wanacheka. Hapa zilikuwa zinauzwa njaa za watu. Akasahau foleni ya posho, akasahau kanuni yake, akaandika hotuba tamu kama halua na kumpa Mzee Sefania aikariri. Wanafunzi wengine wote akawaambia wanyamaze.

"Hasa wewe, Mama Namcheja. Siku hiyo kinywa chako kipumzike, tafadhali."

"Mwalimu! Si wewe nasema sema, kosea, cheka?"

"Hapa si darasani, mama. Hapa ni mahindi."

"Kumbe darasani sisi nacheza?"

Singano alirudi kwenye hotuba yake, akaiongezea neno jingine tamu.

Mzee Mavura naye alikuwa na matayarisho yake. Aliitisha msaragambo, watu wakakandika kuta za ndiva, wakang'oa magugu, kisha akaamuru kizibo kikazwe na kisiguswe mpaka mgeni aje.

"Na shamba langu?" Namcheja aliuliza kwa Kipare.

"Litavumilia. Mgeni haonyeshwi chungu kitupu."

Wote wakaona ni sawa, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Mchirizi ukaingia ndivani mchana na usiku, siku baada ya siku, hata ndiva ikajaa mpaka mdomoni. Huko chini mahindi yakaanza kujikunja.

Siku ikafika! Bwana Mnali alipanda mlima akitweta, kofia mkononi, shati limemganda mgongoni. Akina mama walipiga vigelegele. Akasimama ukingoni mwa ndiva, akaona mawingu yakielea ndani yake, akatabasamu.

"Lo! Maji yote haya!"

Wazee wakakonyezana kwa furaha. Mzee Sefania akafunga vifungo vya koti, akajitokeza.

"Mheshimiwa mgeni wetu! Sisi wana wa Kwasengo, wakubwa kwa wadogo, tunakukaribisha kwa mioyo mikunjufu katika milima yetu yenye baridi na baraka!"

Hakukosea hata pumzi. Midomo ya Singano ilicheza pamoja naye neno kwa neno. Hotuba ilipoisha, Bwana Mnali alipiga makofi.

"Umesema vizuri sana, mzee wangu. Sasa nieleze. Ndiva imejaa hivi, mnalalamikia nini?"

Swali hilo halikuwamo kwenye hotuba. Mzee Sefania akamtazama Singano, akalitazama koti lake, akatazama mbingu.

"Mheshimiwa mgeni wetu," akaanza, "sisi wana wa Kwasengo, wakubwa kwa wadogo..."

"Hapana, mzee wangu. Hayo nimeyasikia. Nauliza shida yenu."

"MHESHIMIWA MGENI WETU!" Mzee Sefania alipaza sauti, akidhani labda mgeni hasikii vizuri.

Vijana wa nyuma wakaanza kukohoa vicheko. Bwana Mnali alivaa kofia yake.

"Wazee wangu, nimejionea kwa macho. Mwenye ndiva kama hii hana kiu. Wenzenu wa juu hawajawakosea kitu." Akageuka kuishika njia.

Namcheja alikuwa amejitia pindo la kanga mdomoni, analitafuna. Macho yamemtoka, mabega yanatetemeka kama sufuria inayochemka. Alimtazama mwalimu wake.

Mzee Mavura naye alimwona. "Mwalimu," alinong'ona, "mshike mwanafunzi wako! Atatuaibisha!"

Singano aliangalia mgongo wa Bwana Mnali ukiondoka. Ghafla tumbo lake likakumbuka. Likakumbuka ule usiku wa kambini, maneno tele kichwani na unga hakuna.

"Sema, mama!" alipiga kelele. "Sema! Kosea!"

Pindo la kanga lilitoka mdomoni, na maneno yakafuata.

"Bwana Mkubwa! Simama! Wewe naona ndiva, hapana naona shamba! Maji iko hapa, nalala! Shamba iko kule, nakufa!"

Bwana Mnali aligeuka. "Maji yamelala? Kwani hamfungulii?"

"Nafunga!"

"Mnafunga kwa nini?"

"Kwa sababu ya wewe!"

Wazee waliguna. Mzee Mavura akafunika uso kwa viganja.

"Kwa sababu yangu mimi?"

"Ndiyo! Mgeni nakuja, sisi nasema aone uzuri. Nafunga, najaza, napaka udongo. Wewe naona uzuri, nasema hawa nashiba. Hapana nashiba! Sisi napamba chungu nje, ndani hapana ugali!"

Kicheko kikapasuka pande zote, na cha Bwana Mnali kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mwanafunzi mwenzake Namcheja akajipenyeza mbele. "Anachotaka kusema, Bwana..."

"Wewe niache! Nasema mwenyewe!"

"Mwacheni aseme," alisema Bwana Mnali, akifuta machozi ya kicheko. "Mama, zamani ndiva hii ilijaa vipi?"

"Zamani nalala, naamka, tele! Sasa naamka, naona chura nakaa matope, naniuliza mimi, mama, maji wapi?"

"Nionyeshe shamba lako."

Hakungoja aambiwe mara ya pili. Alimshika mgeni wa serikali mkono wa shati, akamteremsha mlima kwa kasi, kijiji kizima nyuma yao. Bwana Mnali alisimama katikati ya mahindi. Majani yalikuwa yamejikunja kama misokoto ya tumbaku. Alilivunja moja, likalia kavu mkononi mwake, na kicheko kikamwisha.

"Kuanzia kesho," alisema, "kijito kitakwenda kwa zamu. Siku ya juu, siku ya chini. Nitapita kwa wenzenu leo hii kuwaambia. Lakini jamani, mbona mnanitazama? Kaifungueni hiyo ndiva!"

Mngeziona mbio za kuupanda mlima ule! Kwa kawaida shamba la mwisho wa mfereji hungoja mpaka wote washibe. Siku hiyo Mzee Mavura alimpa Namcheja mti wa kuchomolea. Namcheja akachomeka, akaegemea kwa uzito wake wote, kizibo kikaruka, na maji yakatoka yakinguruma. Watoto wakashindana nayo mferejini. Kule kwenye kona ukingo ukaanza kumeguka. Mzee Sefania alivua koti, akalitupa kichakani, akanyakua jembe.

"Huku! Huku! Leteni udongo! Maji yanapotea, nyinyi mmesimama kama vigingi!"

"Mzee Sefania!" Singano alimwita, naye matope magotini. "Hayo hayamo kwenye hotuba!"

"Ile ilikuwa yako, Mwalimu! Hii ni yangu!"

Maji yalipofika shamba la mwisho na udongo ukaanza kunywa kwa sauti, Namcheja alisimama kando ya mwalimu wake, mikono kiunoni.

"Haya, Mwalimu. Leo wewe najifunza nini?"

Singano aliinamisha kichwa, akacheka kwa aibu. "Niambie wewe, mama."

Namcheja aliwaza kidogo. Akainua uso kuelekea ndiva kule juu, akasema taratibu:

"Ndiva iliyofungwa hainyweshi shamba."

Singano alisubiri aone kama kuna la kurekebisha. Hapakuwa na hata moja.

Babu Mbonea alipukusa maganda ya tangawizi mapajani. "Haya, Nietiwe. Swali la mwalimu wenu lilikuwa lipi?"

"Mnyama gani ananyonyesha na anaruka."

"Na jibu?"

"Popo," alisema Nietiwe kwa sauti ndogo.

"Sikusikia."

"Popo."

"Kuku hawajasikia!"

"POPO!" Kuku walitawanyika uani, Senkondo akaangusha kisu.

"Na kama ningekosea, Babu?"

"Ungechekwa, kisha ungejua. Aliyekaa kimya naye hujua, ila anajua peke yake." Babu akachukua tangawizi nyingine, macho yakimcheka. "Ndiva iliyofungwa, mjukuu wangu, hainyweshi shamba."